Mstari Wako Kuhusu Maji ya Chilangala

Kituo cha pampu, bondeni Kitangari
Jumamosi, mchana

Mwanangu Alban,

Sitaanza kwa kukujulia hali. Hali yako naijua, kwa maana asubuhi hii umekula mhogo wako ukaumaliza, ukala na wangu, kisha ukamwambia mama yako kwamba huna hamu ya chakula kwa ajili ya safari. Nimeteremka mlima nikicheka peke yangu.

Nakuandikia nikiwa zamuni. Kesho alfajiri basi la Masasi litakapokuchukua pale Newala, mimi nitakuwa bado huku chini na pampu zangu, na mwenzangu Saidi anayepanda jioni ndiye atakayekuletea barua hii. Ningeweza kuomba ruhusa. Bwana Injinia angenipa, tena kwa furaha, kwa sababu siku hizi anakusifia kama vile alikuzaa yeye. Sikuomba. Najijua mimi: ningesimama pale kwenye basi, watu wote macho kwangu, nikaanza kukufokea juu ya kamba ya sanduku lako, na yale niliyotaka kuyasema yangebaki tumboni. Kwenye karatasi hasira zangu hupoa, maana mkono wangu unaandika polepole.

Habari za nguo, za dawa, za kanisa la kwenda Jumapili na za watu wa kuwaepuka mjini, mama yako amekwisha kuzisema na shangazi yako akazirudia zote. Mimi naziruka. Nimekaa kitako kujibu swali moja.

Jana ulinisomea karatasi ya maagizo ya pampu mpya ya Chilangala, kwa bibi yako, ile uliyopewa ofisini Mtwara uiandike kwa usafi na kuifikisha Dar es Salaam siku yako ya kwanza kazini. Ulisoma kama padri, sauti imetulia. Ulipofika kwenye mstari ulioongeza wewe mwenyewe ukasita. Mstari unasema kwamba mkandarasi alete maji yake mwenyewe kwa lori ya kuinyweshea saruji iliyo chini ya pampu, na kwamba pampu isiwashwe mpaka saruji hiyo iwe imeshika barabara. Ukaniambia kwamba karani mkubwa wa pale Mtwara ameuona, hakuupenda. Kasema utachelewesha kazi, wakubwa wanataka pampu ifunguliwe kabla ya mvua, na kijana aliye katika majaribio asijitie ujuaji. Ukakunja karatasi. Ukaniuliza, "Baba, huko wakiniambia niufute, nifanye nini?"

Mimi nikasema kuku hawajafungiwa, nikatoka nje.

Kuku walikuwa wamefungiwa. Wewe uliona, na mama yako aliona, na akanipa mgongo nilipoingia tena. Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulisema bila kuona haya. Leo ninalo, lakini nataka ulifikie kwa njia niliyopita mimi. Ngoja kwanza, nakwenda kuzigusa beringi za pampu, pale shafti zinapozungukia, saa yake imefika.

Nimerudi. Zote zina joto la kawaida. Unajua mimi huweka kiganja kizima. Fundi Karam, yule Kalasinga aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akisema ncha za vidole zina woga, zinakurupuka kwa joto dogo, lakini kiganja kina subira. Kiganja kikikaa juu ya beringi bila kutaka kuondoka, kaa unywe chai yako. Kikifukuzwa, simamisha pampu, hata kama mkuu wa wilaya amesimama nyuma yako na bilauri mkononi.

Nilikuja kwake nikiwa najiona fundi. Jeshini wakati wa vita nilifungua na kufunga malori mpaka nikawa naota spana. Niliporudi Masasi nikawa natengeneza gari la misheni, na watoto walinifuata wakiimba jina langu. Kwa hiyo mradi wa maji ulipotangaza kazi, nilikwenda na kofia upande. Fundi Karam alinikabidhi pampu ndogo yenye beringi za gololi, akanipa kopo la grisi, akaenda zake. Sasa nikuulize, mtu wa huku kwetu akipewa kitu akilishe, atakilisha vipi? Kwetu mgeni hasogezewi sahani iliyojaa nusu. Nikaijaza beringi grisi mpaka ikafurika, nikapangusa iliyozidi, nikaongeza tena jioni. Niliipenda pampu ile. Kesho yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba mate yaliyodondokea pale yalichemka.

Fundi Karam akafungua kifuniko, grisi ikamwagika miguuni kwake kama uji. Nilidhani ananifukuza kazi. Akasema, "Cosmas, hii mashine si mgeni yako. Hii ni mtu wa kazi. Jaza theluthi tu, bas. Ile nafasi nyingine iache, gololi zipate pa kuisukuma grisi zikizunguka." Mpaka leo vijana wapya wakija hapa, huwaacha wajaze kwanza, halafu nawaita waweke kiganja. Hakuna aliyesahau baada ya hapo.

Ndiyo maana juzi nilikuwakia ulipoandika beringi za gololi na grisi kwa ajili ya Chilangala. Mimi nilitaka beringi za kuogelea katika mafuta, zenye ile pete inayozunguka na kuyapandisha mafuta juu ya shafti, kwa sababu mafuta unayaona kwa macho kwenye kioo chake, na grisi imejificha. Nilisema maneno mengi. Nilipiga meza, kikombe kikaanguka. Nawe ukaniacha nimalize, ukaeleza taratibu: kwamba Chilangala ni mchanga mtupu, upepo unauingiza kila mahali, na grisi inakaa mlangoni kama mlinzi na kuuzuia usiingie, kwamba maji yanayopandishwa mlimani yanarudisha msukumo, shafti inasukumwa kwa urefu wake, basi yatakiwa beringi inayobeba uzito wa shafti na kuuzuia msukumo huo pia. Halafu ukasema, "Na mafuta ya pete, Baba, yanataka mtu kama wewe awe pale kila saa. Chilangala hawatakuwa na mtu kama wewe."

Umenishinda na kunisifu kwa pumzi moja. Huo ni werevu wa ukoo wa mama yako, mimi sinao. Mama yako akaokota kikombe akicheka waziwazi. Nataka ujue kwamba nilipokwenda kulala sikuwa na kinyongo. Nilikuwa na furaha iliyonizuia usingizi. Mtoto niliyemfundisha kushika spana ananieleza kwa nini beringi yake ni bora kuliko yangu, na maelezo yake hayana tundu. Kuna baba gani anapata zaidi ya hilo?

Nami nilikupa kitu kimoja ukakiandika, sikisahau: kwamba beringi za Chilangala ziwe za namba ileile ya hizi za bondeni, ili kabati moja la stoo lihudumie pampu zote. Hilo halimo katika vitabu vyako. Hilo linamo katika kungojea meli ilete beringi. Siku hizi mnasema nchi itakuwa yetu. Basi na beringi zitakuwa zetu, na aliyeandika namba isiyokuwamo stoo atakuwa mmoja wetu, hatutakuwa na Mzungu wa kumnung'unikia.

Sasa saruji. Hapa nataka usome taratibu, kwa sababu kisa hiki umekisikia kwa vipande vipande tu. Kilipotokea ulikuwa bwenini shuleni Masasi, na likizo uliyokuja tulikuwa tumekwisha kuanza kukifanyia mzaha.

Unajua kituo cha juu, kile kinachopokea maji ya hapa bondeni na kuyasukuma kwenda Newala. Siku zile kilikuwa kinajengwa. Mabomba hayajaungwa, kwa hiyo huko juu hakukuwa na tone. Maji ya ujenzi yaliletwa kwa mapipa na lori ya mradi, na watu wa nyumbani waliendelea kuteremka huku bondeni kuchota kama walivyoteremka bibi zao. Njia ya wanawake wa upande wa Chilangala ilipita kando kabisa ya kituo. Walikuwa wanapanda pale wamejitwika, shingo zimekaza, hawasemi, kwa kuwa pumzi yote ilikuwa ya mlima.

Fundi Karam akaiweka pampu juu ya msingi wa zege. Akakilaza kitako chake cha chuma kwa pimamaji, akaingiza vipande vya bati huku na huku mpaka kikalala sawasawa. Kisha tukamimina uji wa saruji chini yake, kutoka upande mmoja tu, taratibu, mpaka ukatokea upande wa pili na kuufukuza upepo wote mbele yake. Ukimimina kutoka pande zote mbili unaufungia upepo katikati, na penye upepo chuma hakina pa kukalia. Nilikuwa na furaha siku ile, maana kazi ilitoka safi. Akafunika kwa magunia. Akatuambia mimi na vibarua wenzangu, "Mwageni maji juu ya magunia asubuhi, mchana na jioni, wiki nzima. Yasikauke." Alikuwa na homa, akapelekwa hospitali Lindi. Lori nayo ikaenda kazi nyingine. Tukabaki na pipa moja la maji.

Siku ya pili nimesimama na debe, namwagia magunia. Na nani anapanda ile njia? Bibi yako wa Chilangala, mama mkwe wangu, mbele ya wenzake, na mtungi kichwani.

Hujaoa bado, hivyo labda hujui vizuri uzito wa jambo hili. Mimi na mama mkwe wangu hatujawahi kutazamana usoni. Akipita, mimi nasimama kando macho chini. Akiwa na neno kwangu, humwambia mtu mwingine nami nasikia, na kumjibu ni utovu wa adabu. Basi alisimama, akageuza uso kuelekea porini, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunifikia, "Mwulizeni Baba Alban. Jiwe lake lina kiu kuwashinda wajukuu wangu?"

Maji yanachuruzika kwenye zege, yanaingia mchangani, na wanawake wamesimama wameyabeba yao kutoka bondeni. Wewe umezaliwa huku. Waweza kufikiri nilivyojisikia. Kumwaga maji chini mbele ya mtu aliyejitwika mtungi ni tusi kubwa kuliko la mdomo, na mimi nililifanya mbele ya mkwe wangu. Kumweleza habari za saruji sikuweza, kwa sababu mdomo wangu kwake umefungwa. Hata ningeweza, wakati ule nilidhani maji yale ni ulimbwende wa mafundi wa mjini. Nyumba zetu za udongo tunaziacha zikauke upesi ndipo tunazisifu. Vibarua wenzangu nao walikuwa wanatazama chini. Hakuna aliyesema tufanye nini, wote tulifanya. Tukalisogeza pipa njiani, tukachota kwa kata, tukajaza mitungi ya kila aliyepita siku ile na siku iliyofuata, mpaka pipa likawa tupu. Walitubariki. Tulilala tukijiona watu wema, na watu wema kweli tulikuwa.

Magunia yakakauka kama makopa ya mhogo juani.

Fundi Karam aliporudi aliyafunua, akaona nyufa nyembamba kama nywele. Akachukua spana akagonga kile kitako cha chuma, hapa, pale, akiinamisha sikio. Mahali pengine chuma kilijibu kwa sauti nzito, pengine kilijibu kama debe tupu. Saruji ilikuwa imekauka kabla ya kushika, ikajikunja, ikaachana na chuma. Alisema tuing'oe tuanze upya. Lakini siku ya ufunguzi ilikuwa imepangwa, wageni wamealikwa, na aliyekuwa mkubwa wa kazi wakati ule akasema mtu hapimi saruji kwa masikio. Ikawashwa. Watu walicheza ngoma, maji yakafika Newala, na mama yako akakinga mikono kwenye bomba akalia.

Pampu ilikuwa inatetemeka kidogo tangu siku ile. Kila siku kidogo zaidi. Kitako kikicheza, shafti ya injini na shafti ya pampu haziwi tena kwenye mstari mmoja, na zikiacha kuwa kwenye mstari mmoja beringi ndizo zinazolipa. Niliilisha grisi theluthi, kama nilivyofundishwa. Niliweka kiganja. Grisi haiwezi kutibu msingi mbovu, Alban, nami niliendelea kuipaka nikitumaini. Ikaungua mchana mmoja kwa kelele ambayo sitaki kuisikia tena. Beringi nyingine ilibidi ije kwa meli. Na wakati tunaingoja, pampu za bondeni nazo zikasimamishwa, maana maji hayakuwa na wa kuyapokea huko juu; wanawake waliokwisha kuzoea bomba waliteremka tena bondeni, na mlima ulikuwa mrefu kuliko zamani kwa sababu walikuwa wameonja kukaa. Mama yako alikuwa ameigawa mitungi yake. Akaazima.

Hapo ndipo nilipoelewa yale maji yalikuwa ya nini. Saruji hainywi kwa kiu, inayatumia kujenga nguvu yake, kama vile mtoto na maziwa. Nikajua pia kwamba kazi yote tutairudia, na kwamba huko juu maji bado hakuna, maana pampu zote zimesimama na mabomba yatafunguliwa. Lori ilikuja siku moja, siku tatu haikuja.

Sikuweza kusema na mkwe wangu, nikamtuma mama yako. Nilimfundisha jikoni kwa unga wa mhogo na maji, nikamwonyesha bonge lililokauka haraka linavyopasuka. Alikwenda Chilangala akakaa siku mbili. Nilikuwa na hofu. Nilikuwa nawaomba watu waliopanda mlima kwa ajili yetu wamwage walichobeba juu ya jiwe lilelile walilolisema.

Asubuhi ya kwanza baada ya saruji mpya nilisimama kando ya magunia, macho chini kama inavyotakiwa. Nikaona miguu ya bibi yako inakuja. Ikasimama. Nikasikia mtungi unatuliwa, kata inazama ndani yake, na maji yanamwagika juu ya gunia. Kata moja. Kisha akasema, uso wake porini, "Mwambieni Baba Alban, leo jiwe linakunywa kwa ruhusa." Mwenzake aliyemfuata akamwaga kata yake. Kila mwanamke aliyepita njia ile, asubuhi mpaka jioni, alitua mtungi wake, akamwaga kata moja, akajitwika akaendelea. Wengine walikuwa wamelala bondeni kungojea zamu ya chemchemi. Wengine walikuwa na watoto mgongoni. Hakuna aliyesimamiwa wala kuhesabiwa. Walifanya hivyo wiki nzima, na magunia hayakukauka hata mara moja, wakati mwingine nilikuta yanachuruzika.

Fundi Karam aliyaondoa magunia mwenyewe. Aligonga chuma kila mahali kwa spana na kila mahali kikajibu neno moja, zito, limekaa. Akaketi juu ya msingi, akavua kilemba akajifuta jasho. Pampu ile iko juu ya saruji ile mpaka sasa. Haitetemeki. Unaweza kusimamisha yai juu ya kitako chake. Katika maisha yangu nimefunga mitambo mingi, na nikiulizwa ni upi ninaojivunia naitaja hiyo, na zaidi ya nusu ya kazi ile walifanya wanawake ambao hawajawahi kuingia ndani ya mlango wa kituo.

Nimekwenda tena kuzigusa. Moja imepanda joto kidogo, nimeipunguzia mwendo, nitaitazama.

Sasa unaona kwa nini nilitoka nje jana. Ulipousoma mstari ule nilishangaa. Mimi kila mwaka nasimulia kisa hiki kuwasifu wanawake wale. Miaka yote hii haikunijia akilini kwamba wasingepaswa kufanya vile. Wewe uliyekuwa bwenini, uliyesikia vipande, ndiye uliyeketi ukafikiri: bibi yangu ni mzee, Chilangala bado wanateremka, pampu yao nayo itasimikwa mahali pasipo na maji, je, tutawaomba tena kata? Ukaandika kwamba alete mkandarasi. Kwa maneno makavu ya kiofisi, bila sifa. Nilihisi kifua kinapanuka mpaka nikaogopa nitalia mbele yako.

Na mara hiyohiyo ukaniuliza wakiufuta utafanya nini. Hofu ikanipata. Nitakuambia hofu hiyo ilivyokuwa, maana si nzuri. Niliona wewe unarudi na sanduku. Niliona watu pale sokoni Masasi wananiuliza. Tangu upate kazi hii wananiita Baba Injinia, hata wale walionipita zamani bila salamu sasa wanavuka njia kuniamkia, nami najifanya sipendi lakini napunguza mwendo ili wanifikie. Jibu lililonijia mdomoni lilikuwa: futa, mwanangu, nyamaza, ule ugali wako. Nikalikimbilia nje ili usilisikie.

Nililipata usiku, nikalipima tena mlima mzima leo asubuhi, na mchana wote huu mbele ya pampu, na jibu langu ni hili.

Usiufute. Utaitwa na mkubwa wako, utasimama kwa adabu, utamweleza mara moja kwa nini, kama ulivyonieleza mimi habari za beringi, bila kupaza sauti. Usijifanye mimi. Kupiga meza hakujawahi kunisaidia. Mweleze habari ya kituo cha juu, mwambie ilitugharimu taabu kiasi gani kwa ajili ya wiki moja waliyoiona ndefu. Huenda akakuelewa. Wakubwa si wote wapumbavu. Bwana Injinia wetu nilimweleza akaelewa kabla sijamaliza. Akikuelewa, mshukuru uendelee na kazi.

Asipokuelewa, akakuambia chukua kalamu ufute, mwambie kwa heshima kwamba yeye ndiye mkubwa, karatasi ni ya kwake, na anaweza kuufuta. Kalamu iwe yake. Yako isiupitie mstari ule. Ukiufuta mwenyewe mara moja, safari nyingine hutauandika kabisa, hakuna atakayekuwa na haja ya kukuambia. Nimewaona watu wa namna hiyo, wanavaa vizuri na wanasema vizuri, na mitambo yao inatetemeka.

Na ukimwaga unga kwa ajili hiyo, utarudi nyumbani. Mama yako anajua ninayokuandikia. Nilimwambia nilipokuwa navaa viatu, akasema chumba chako hampi mtu. Tutalima korosho, nami nitakufundisha kuzisikiliza pampu hizi, kwa kuwa hilo hujalijua bado, utanisamehe. Sitakuuliza kwa nini hukuvumilia. Hakuna atakayekuuliza nyumbani kwangu.

Siku hiyo usije peke yako kutoka Masasi. Nipelekee habari, nami nitateremka mwenyewe nikungojee pale basi la Lindi linaposimama, mchana, sokoni, watu wote wakiona. Nitakutwalia sanduku. Atakayeniuliza, "Baba Injinia, mwanao vipi tena?" nitamwambia nimekuja kumpokea mtu aliyekataa bibi yake kuombwa maji. Halafu nitapita naye sokoni taratibu.

Ni mimi baba yako, mwenye kujivuna,
Cosmas